Vumbi la Makaburi Tuliyoyang'arisha

Nilijua. Kwa miaka mingi nimelikana neno hilo: mbele ya wake za mafundi, mbele ya mchungaji, mbele ya dada yangu aliyeniuliza mara moja tu na hakurudia. Nilikuwa nasema, "Sisi hatukujua madhara ya vumbi." Nilisema "sisi" kwa makusudi, ili nijichanganye na watu ambao kweli hawakujua.

Chuo kimoja cha ufundi hapa Bukoba kimeniomba niwaandikie nyinyi mnaomaliza kozi ya uashi na tailizi. Barua yao ilitaka "kumbukumbu za kazi zenye kutia moyo, na ucheshi kidogo." Ucheshi ninao. Moyo mtautafuta wenyewe. Na kama uongozi utazichana kurasa hizi kabla hazijawafikia, nitasimama getini siku ya mahafali niwasomee kwa sauti. Nimestaafu, muda ninao.

Karakana yetu ilikuwa Kahororo, nyuma ya nyumba ya baba. Tulitengeneza sakafu za teraso, ngazi na vizingiti vya madirisha, lakini kilichotulisha ni makaburi. Mnajua kwetu: mtu huzikwa kwenye kibanja chake, hatua chache kutoka mlangoni, kati ya migomba na mibuni. Kaburi likibaki udongo mtupu, ndugu wanaokuja Krismasi kutoka Dar es Salaam hulitazama, kisha huwatazama waliobaki nyumbani. Macho hayo ndiyo yaliyotupa kazi. Kuanzia Oktoba kila familia ilitaka kaburi la mzee wao ling'ae kabla wageni hawajashuka.

Niliirithi karakana bila kuitaka. Nilikuwa msichana mwenye shahada ya sosholojia, na nilikuwa nimekaa mjini miaka miwili nikisubiri taifa linihitaji. Taifa lilikuwa na shughuli nyingine. Baba alipofariki nilirudi nyumbani nikakuta mawe, saruji, na Ta Muganyizi.

Ta ni heshima tunayompa mwanamume wa rika la baba. Ta Muganyizi alitoka Izimbya, aliimba besi katika kwaya ya usharika wao, na alikuwa fundi wa baba tangu mimi niko shule ya msingi. Hakupata kuniita bosi. Aliniita Msomi, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa mdogo utakaopona wenyewe.

Wiki yangu ya tatu nilipima jiwe la kaburi la bibi mmoja nikalikata fupi kwa shubiri nzima. Nilijitetea kwamba futi ya kupimia ilikuwa imejikunja. Ta Muganyizi alilizunguka lile jiwe mara mbili, mikono mgongoni.

"Msomi," akasema, "sasa marehemu akunje magoti?"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ta hakucheka. Alinipa kamba yenye mafundo aliyokuwa akipimia yeye, akanionyesha namna ya kuivuta ikaze bila kuinyoosha kupita kiasi, na tangu siku hiyo sikukata jiwe fupi tena. Hivyo ndivyo alivyofundisha: anakuaibisha mara moja, kisha anakupa kifaa.

Enzi hizo teraso, ile saruji yenye chembe za mawe, tuliisaga kwa mkono mpaka ing'ae. Unachuchumaa, unashika jiwe la kusagia, unamwaga maji, unasugua, unamwaga tena. Sakafu ya chumba kimoja ilikula siku tano. Viganja vilibabuka, magoti yalikuwa na sugu kama ya ngamia, na mgongo ulikuambia umri wako halisi. Lakini kila kilichotoka kwenye lile jiwe kilitoka kikiwa tope, kikabaki chini, tukakizoa kwa koleo. Mimi niliiita kazi ya kizamani. Nilikuwa na msamiati mpana wa kuita vitu.

Kisha nikanunua mashine.

Ilikuwa ya kukatia mawe, ya mezani, yenye diski pana, beseni chini na pampu ndogo ya kurusha maji kwenye diski jiwe linapopita. Ilikuja na kijitabu cha Kiingereza. Mafundi wanne walinizunguka pale karakana niwasomee, maana hilo ndilo lilikuwa jukumu langu la wazi: mimi ndiye niliyejua Kiingereza. Niliwasomea namna ya kufunga diski, namna ya kukaza mkanda, namna ya kushika jiwe vidole vikiwa mbali. Ukurasa wa tatu ulisema usikate bila maji. Ulisema vumbi la mawe haya likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu na huweza kuleta saratani. Palikuwa na picha ya mtu aliyevaa barakoa nene, na pembeni yake tone la maji. Siku hiyo niliusoma ukurasa huo wote kwa sauti, na tukakata kwa maji. Naomba mnikumbukie hilo. Ndilo jambo pekee zuri nililo nalo katika hadithi hii, na lilidumu miezi mitatu.

Ngoja. Nimedanganya tena. Sikuusoma wote. Niliishia kwenye maji. Mstari wa mapafu na saratani niliuruka, kwa sababu nilidhani utawatisha na kazi zilikuwa zimepangana. Mnaona jinsi ilivyo vigumu? Nimekaa mezani peke yangu na kalamu, hakuna anayenihoji, na bado mkono unatafuta pa kujificha.

Novemba ikafika. Mteja mmoja wa Kamachumu, mfanyabiashara wa samaki aliyetajirikia visiwani Muleba, alitaka kaburi la mama yake liwe la teraso nyeupe na maandishi ya graniti nyeusi. Tulikatia mawe pale pale nyumbani kwake. Tope la graniti likarukia teraso nyeupe, likaacha madoa ya kijivu yasiyotoka. Yule bwana alisimama juu ya kaburi la mama yake akaniambia mbele ya shangazi zake wote, "Dada, mimi niliagiza kaburi, sikuagiza chui."

Kuna mambo mengi mtu mwenye akili angeweza kufanya. Angefunika teraso kwa nailoni. Angekatia mawe karakana kisha akayasafirisha. Angesogeza mashine mita ishirini. Mimi niliitisha kikao, nikatangaza kwamba tutakata mawe makavu, bila maji.

Ta Muganyizi aliuliza swali moja. "Karatasi ya mashine inasemaje?"

"Maji ni ya kupoza diski tu," nikasema. "Tukikata polepole hayahitajiki."

"Inasema hivyo?"

"Inasema hivyo, Ta."

Akanitazama kidogo, kisha akachukua spana akaifungua pampu. Ile pampu niliipeleka nyumbani nikaitumia kumwagilia nyanya. Naomba mlielewe vizuri hili, kwa sababu linanikasirisha kila ninapopita sokoni: kwa miaka kumi na minane nyanya zangu zilipata maji ambayo mafundi wangu hawakuyapata. Zilikuwa nyanya nzuri sana. Niliwagawia.

Sasa niwaambie kuhusu vumbi, kwa sababu mtakutana nalo na halitajitambulisha.

Vumbi baya si hilo mnaloliona. Lile linaloruka na kutua begani, linalowafanya mfanane na watu waliomwagiwa unga, hilo pua hulikamata na kamasi hulitoa. Linaloua ni lile msiloliona, jembamba kuliko moshi, linalobaki hewani hata nusu saa baada ya mashine kuzimwa, nyinyi mkiwa mmekaa pale pale mnakula. Linaingia hadi mwisho wa pafu na halitoki. Halitoki kwa kukohoa, halitoki kwa kupumzika, halitoki kwa maombi. Mapafu yanajaribu kulizungushia ukuta, na kila ukuta ni kovu. Limo kwenye graniti, kwenye mchanga, kwenye saruji, kwenye tailizi, na limo kwa wingi kwenye mawe yetu haya ya mchanga tunayojengea misingi Bukoba nzima. Na mashine kavu hutoa kwa saa moja kile ambacho mkono wa Ta Muganyizi usingetoa kwa mwaka.

Sisi tulikuwa na kinga yetu. Maziwa. Kila siku saa nne nilinunua maziwa, kila fundi kikombe kikubwa, kwa sababu kila mtu mjini alijua kwamba maziwa yanasukuma vumbi. Nilijiona mwajiri bora wa Kanda ya Ziwa. Nina shahada, vijana. Nilifundishwa kwamba kuna njia ya chakula na njia ya hewa. Nilifaulu mtihani huo kidato cha pili. Na bado nilisimama pale na jagi, nikimimina maziwa tumboni ili yakasafishe mapafu.

Dezi, fundi wetu wa pili, mcheshi kuliko wote, alikuwa akigonga kikombe na kusema, "Msomi, nikifa msiniandike nilikuwa fundi. Andikeni alikuwa ndama."

Barakoa tulizokuwa nazo zilikuwa vipande vya khanga ya mke wa Dezi. Dezi alikuwa akivaa chake juu ya ndevu, kikiacha mianya pande zote mbili mpaka ukimtazama kwa nyuma unaona masikio na vumbi likiingia kama wageni wa harusi. Kitambaa kilizuia lile vumbi lisilo na madhara. Lile lenyewe lilipita kama halikuona kitu.

Nakumbuka kaburi moja huko Izimbya msimu wa senene. Kina mama walikuwa wamekaa chini ya mibuni wakinyonyoa mbawa, mabeseni yamejaa, na sisi tuko upande wa juu tunakata. Upepo ukageuka. Dakika kumi senene wote wakawa weupe. Mama mwenye nyumba akaja na beseni mikononi.

"Nyinyi mafundi, hawa nimewakaanga lini na unga wa ngano?"

Dezi akachovya kidole, akaonja. "Mae, mama yangu, chumvi tu imepungua."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote. Yule mama akawaosha senene wake mara tatu, na alifanya vizuri. Sisi tulioshwa na nani?

Ta Muganyizi alianza kukohoa kikohozi kikavu kidogo, cha asubuhi, kama mtu anayebisha hodi. Akasema ni baridi. Mwaka uliofuata akaanza kupumzika katikati ya mlima wa kwao, akisingizia kwamba anatazama kahawa za jirani. Kisha akahama mstari wa nyuma wa kwaya, akakaa benchi la mbele na wazee, kwa sababu besi inataka pumzi ndefu na yeye alikuwa na pumzi ya nusu mstari.

Watu wa kijijini walikuwa na maelezo yao. Walisema mtu hawezi kukanyaga makaburi ya watu miaka yote hiyo, anayapiga nyundo, anayapanda na viatu, kisha marehemu wamwache hivi hivi. Mke wake, Ma Justa, aliniambia hayo kwa aibu, akijua kwamba mimi ni mtu wa shule. Nilimpa mhadhara mfupi kuhusu imani potofu. Lakini nikiwa njiani kurudi mjini niligundua kwamba nimefurahi. Laana haina mwajiri. Hakuna anayeiuliza laana pampu iko wapi.

Sasa fungueni masikio, kwa sababu kosa hili ni letu sisi Wahaya, na mtalifanya msipokuwa macho.

Nilimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Mhudumu akafungua daftari, akauliza jina, umri, kijiji. Akauliza, "Kazi?"

"Mkulima," akajibu Ta Muganyizi.

Hakudanganya. Kwetu mwanamume mwenye kibanja ni mkulima hata kama ni mwalimu mkuu. Ufundi ni kitu unachokwenda kufanya. Kibanja ndicho kinachokufanya mtu. Ukimwambia mgeni kwamba wewe ni fundi, ni kama unakiri kwamba baba yako hakukuachia migomba. Kwa hiyo alisema mkulima, kwa fahari, na mhudumu akaandika mkulima. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake kwenye lile benchi. Nilikuwa na vumbi la graniti kwenye ukosi wa blauzi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mkulima anayekohoa, anayekonda, anayetoka jasho: wakampa dawa za TB miezi sita. Mwaka mmoja na nusu baadaye akarudi, daftari jipya, mhudumu mwingine, swali lile lile. "Mkulima." Nami nikatikisa kichwa tena. Wakampa dawa za TB miezi mingine. Siwalaumu. Waliambiwa migomba, wakatibu mtu wa migomba. Na vumbi hilo lina hila: huifungulia TB mlango, kwa hiyo huenda mara ya kwanza ilikuwa TB kweli. Ila hakuna aliyetafuta kilichokuwa nyuma yake, kwa sababu aliyekuwa anakijua alikaa kimya na mkoba mapajani.

Mara ya tatu tulimpata daktari wa kike hapa Bukoba, mtu wa kimo kifupi na haraka nyingi. Aliitundika picha ya kifua kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa na nukta nyeupe juu mpaka katikati, kama anga la usiku wa kiangazi, na upande wa kulia palikuwa na bonge.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

"Wa nini?"

"Migomba. Kahawa kidogo."

"Migomba haifanyi hivi," akasema daktari.

Ta Muganyizi aligeuka akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama karakana pale mteja anapouliza jambo linalotaka msemaji.

"Anakata mawe," nikasema. "Na kusaga teraso. Makavu. Miaka kumi na minane."

Daktari akageuza kiti chake kikanielekea mimi. "Na mara mbili zilizopita mliandikisha mkulima?"

"Ndiyo."

"Nani alimsindikiza?"

"Mimi."

Akaliandika hilo. Kisha akamweleza mgonjwa, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba mapafu yake yana makovu ya vumbi la mawe, kwamba makovu hayo hayafutiki, na kwamba lile bonge linaweza kuwa TB imerudi, au linaweza kuwa kansa. Itabidi aende Mwanza wachukue kinofu wakakipime.

"Lakini mimi sijavuta sigara hata moja," akasema Ta Muganyizi, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Hata siku moja, daktari. Ma Justa ni shahidi."

"Najua, baba. Vumbi hili halihitaji sigara. Ikiwepo linashukuru, isipokuwepo linaendelea."

Akaenda Mwanza, wakachukua kinofu, akarudi Izimbya kusubiri. Na mimi, mwanamke mtu mzima, mshiriki wa meza ya Bwana, nilitumia wiki hizo kumwomba Mungu ampe mtu kifua kikuu. TB ina dawa. TB ina mwisho. TB haina karakana. Niliomba asubuhi na jioni: Bwana, iwe TB. Sijui kama mbinguni wana faili la maombi ya namna hiyo.

Katikati ya kusubiri huko nilikwenda Izimbya kumwambia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, sehemu tatu, yenye utangulizi. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha uvivu, blanketi magotini, redio ikisema peke yake. Ma Justa aliniletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, nikashindwa kula, jambo ambalo lilimshtua kuliko kama ningeanguka.

"Ta," nikasema, "ile karatasi ya mashine. Nilikudanganya. Haikusema maji ni ya kupoza diski. Ilisema vumbi linaua mapafu."

Akazima redio.

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Palikuwa na picha, Msomi. Mtu amefungwa pua, na tone la maji. Mimi Kiingereza sijui, lakini tone la maji lina lugha gani?"

Hotuba yangu yote ikaisha hapo. Nikamuuliza, na hata sasa sijui nilipata wapi uso wa kumuuliza, kwa nini basi aliifungua ile pampu.

Alipumua mara nne kabla ya kujibu, nilihesabu. "Nilidhani wewe una sababu ambayo mimi siijui," akasema. "Si ndiyo maana ulisoma?"

Vijana, nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na afisa wa kodi, nimeitwa mtengeneza chui. Hakuna aliyewahi kunipiga kama mzee huyu aliyekuwa ananisamehe. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, si kwa sababu mimi ni mbaya peke yangu, la. Kila karakana ina Msomi wake. Kila jengo linalopanda pale mjini lina mtu mmoja mwenye kofia safi aliyeisoma karatasi, anayejua, anayeamua kwamba leo tukimbize kazi. Na chini yake kuna watu watano wanaodhani ana sababu. Hana sababu. Sikilizeni mimi niliyekuwa yeye: hana sababu yoyote. Ana Krismasi tu, na mteja anayepiga kelele.

Kwa hiyo mkienda kazini, ombeni karatasi muisome wenyewe. Ikiwa ya Kiingereza, tazameni picha, na muamini macho yenu kuliko mdomo wa mtu kama mimi. Kateni kwa maji, lakini kwa mashine iliyotengenezwa kwa maji. Ukimwagia maji grenda ya kawaida ya umeme utakufa haraka badala ya polepole. Msifagie vumbi kavu, nyunyizieni maji kwanza. Msipulize nguo kwa kompresa. Kaeni upande unakotoka upepo, na mashine iwe mbali na wanaokula. Barakoa iwe ile ngumu inayobana uso, na ndevu zinyolewe, samahani zenu. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Maziwa kunyweni kwa chai. Na mkiulizwa hospitali "Kazi?", semeni mawe. Semeni vumbi. Kibanja hakitakasirika.

Dezi sikuwa nimemwambia. Hapa ndipo nilipoendelea kuwa mimi. Nilipofunga karakana, Ta akiwa hana tena nguvu za kazi, nilimpa Dezi ile mashine kama shukrani ya utumishi wake, na nilitoa hotuba nzuri sana siku ile, watu wakapiga makofi. Nilimpa bila pampu. Alijiajiri, akawa anazunguka nayo Muleba yote, na kila nilipompigia nilimwambia avae barakoa, akacheka, nikacheka. "Msomi, umeanza kuwa mganga?" Ile habari ya ukurasa wa tatu niliisogeza mbele wiki hadi wiki. Nilijiambia nitamwambia majibu ya Ta yakitoka, maana ikiwa ni TB hakuna haja ya kumtia mtu hofu.

Majibu yalitoka Jumanne. Ta Muganyizi alikuwa ameitwa Mwanza, amekwenda na Ma Justa. Simu iliita saa tatu asubuhi nikiwa jikoni, namba ya Ma Justa, lakini sauti ilikuwa ya Ta.

"Msomi, si TB."

Nilizima jiko nisikie vizuri.

"Ni kansa," akasema. Alikuwa anasema maneno matatu matatu, akipumzika kati yake. "Daktari amenichorea. Makovu ya vumbi huku. Kansa hapa juu yake. Ameeleza vizuri. Kijana mpole."

"Ta..."

"Usilie, salio ni la Ma Justa. Dezi yuko wapi leo?"

Nilimwambia yuko Kamachumu. Kuna familia inataka kaburi la baba yao limalizike kabla ya Jumapili.

"Anakata?"

"Atakuwa ameanza."

"Basi mpigie... hapana. Mashine ikiwaka hasikii simu." Nikasikia pumzi, na nyuma yake mtu akiita majina ya wagonjwa kwa foleni. "Panda gari uende. Sasa hivi, mwana wange."

"Nikifika nimwambie nini, Ta?"

"Kwanza zima mashine," akasema. "Halafu mwambie ulichoniambia mimi."